Kikapu cha Simu Dirishani

Walipogawa vitu vya Maître Anselme, wiki moja baada ya kumzika, watoto wake waliniita waniulize ninataka nini. Walidhani nitachagua mashine ya kuandika, au kabati la vitabu vya sheria. Nikasema ninataka kikapu. Wakatazamana. Nikawaonyesha: bado kilikuwa msumarini, kando ya dirisha linalotazama upande wa Rughenda, kikapu kidogo cha matete ambacho hakingetosha mayai sita, kimekuwa cheusi kwa vumbi. Binti mkubwa akacheka huku machozi hayajamkauka shavuni. "Tantine Kahambu, kweli? Kakitu kale ka mavumbi?" Nikamwambia ndiyo, kale kale. Alikuwa mdogo mno mwaka ule kuweza kukumbuka kwamba baba yake, wakili ambaye wanajeshi walimpigia saluti hata walipomchukia, alikuwa akipiga magoti mbele ya kikapu hicho mara kumi kwa siku.

Habari za ukoo wangu nitaziacha; hazina la ajabu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimeacha shule kabla ya kumaliza, na kila kitu nilichojua kuhusu kazi ya ofisi nilijifundisha mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa cha makatibu. Nilikipata sokoni Butembo bila jalada, muuza karanga akiwa ameshaanza kukichana ili afungie karanga. Ukurasa wa kwanza nilioupata ulikuwa wa kumi na tisa, na hadi leo sijui kurasa kumi na nane za mwanzo zilisema nini. Labda huko ndiko walikoandika kwamba anayepiga simu ni mtu. Nilipiga barua moja kwa mashine mara tano kwa ajili ya koma. Nilinawa mikono kabla ya kugusa faili. Usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza kazini niliandika kwenye karatasi neno "Allô" na sentensi ya kulifuata, nikaikariri kama sala.

Huo ndio mwaka simu za mkononi zilipotufikia. Vita vilikuwa vimeshatuzoea, au sisi tumevizoea. Wakubwa wa waasi walitawala kutoka Beni, barabara ilifungwa na kufunguliwa bila mtu kueleza, na kabla ya hapo aliyetaka wakili alilazimika kuja mwenyewe, au kusimama kwenye radio ya phonie na kupiga kelele za shida yake mbele ya foleni nzima. Maître alinunua simu moja, nzito kama sabuni ya kipande. Tukazunguka nayo ofisi yote tukitafuta rezo, yaani mtandao: juu ya meza, mlangoni, hadi uani karibu na choo. Ilikubali mahali pamoja tu, pembe ya dirisha, kimo cha kifua cha mtoto. Mke wake, Mama Léonie, akapigilia msumari na kutundika kikapu alichokuwa akiwekea vitunguu. Simu ikakaa humo. Ukiitoa, inakufa. Aliyetaka kuongea alipiga magoti kwenye kigoda cha jikoni na kuweka sikio kikapuni, na kwa kuwa sauti yake ilibidi iwe kubwa, wote waliokaa kwenye benchi walisikia.

Nikikumbuka chumba kile, nakumbuka kwanza benchi hilo na maoni yake. Maître akisema kikapuni, "Mama, usiweke kidole chako kwa karatasi yoyote mbele nifike," mzee mmoja benchini alijibu, "Muzuri sana, asiweke!" Maître akinyamaza kusikiliza, benchi lote lilinyamaza. Na harufu ya vitunguu haikutoka kikapuni mwaka mzima. Watu wa Beni na Lubero ambao hawajawahi kutuona walimwaga maisha yao ndani ya harufu ya vitunguu.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wapya. Wengi walitupigia kwa bipu: simu inalia mara moja, inakata, nasi tunawapigia. Wengine walipiga kutoka kabini, yaani kibanda cha mtu mwenye simu anayewauzia watu dakika. Wote, bila kukosa mmoja, walianza na salamu. Umelamukaje, batoto je, Butembo kuko salama, mvua je, na masimo, yaani mashamba, na wao wenyewe wamelalaje. Kitabu changu kisicho na jalada kilisema mazungumzo ya simu ni mafupi na yana mpango. Basi nikatengeneza fishi, karatasi ya maswali kumi na manne, mistari nimeipiga kwa rula: jina, postnom (jina la pili), prénom (la ubatizo), avenue (barabara), mtaa, hali ya ndoa, na kuendelea. Swali la kumi na nne lilikuwa: shida. Niliipenda fishi ile. Niliitazama jioni kabla ya kufunga ofisi kama mtu anavyotazama nguo mpya.

Jumatano moja asubuhi, Maître akiwa mahakamani, simu ililia kikapuni. Nikapiga magoti.

"Allô, bureau ya Maître Anselme, bonjour."

"Wabukire, dada. Munalamuka?" Sauti ya mwanamke, nyembamba, ya mtu anayeshika simu kwa mikono miwili.

"Tunalamuka."

"Na batoto? Butembo kuko salama? Siye tuko, dada, tuko ginsi hii tu. Kahawa iko mu mukeka, mvua inakuya, hakuna mutu ya kuianua. Na mulima inajifunika tangu juzi, hatuione hata..."

"Mama, tafazali. Jina?"

"Kavira."

"Postnom?"

"Kavira tu, dada. Kavira ya Kambale."

"Kila mutu iko na postnom, mama. Mutanipatia postnom." Nilikuwa na nafasi tupu kwenye mstari wangu na haikunipa raha. Tukabishana juu ya postnom. Mtu wa benchini akakohoa. Mwishowe niliruka mstari, moyo ukiniuma, nikauliza yuko wapi, akasema yuko Mulekera, kule Beni, kwa kabini, nikaandika Mulekera. Nikauliza avenue. Akasema hajui. Nikauliza tena, polepole, kama mwalimu.

"Dada, acha kwanza ile!" akasema, na sasa nilisikia kwamba alikuwa akilia tangu mwanzo. "Bwana yangu banamufunga. Ijumaa banamupeleka, dada, ijumaa banamu..."

Inite zake, zile dakika alizolipia, zikaisha. Kikapu kikanyamaza.

Asiye wa kwetu aelewe nilibaki na nini mkononi. Sisi Wanande jina la kwanza ni zamu ya kuzaliwa. Kavira ni binti wa pili. Kambale ni mwana wa pili. Mimi Kahambu ni binti wa nne. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba binti wa pili wa mtu fulani, mke wa mwana wa pili wa mtu fulani, yuko katika komini yenye maelfu ya watu. Na kwamba mume wake amefungwa, sijui wapi, sijui na nani, na baada ya siku mbili atapelekwa, sijui wapi. Mwaka ule mtu aliyepandishwa gari la wanajeshi hakuwa na anwani tena. Tuliwajua waliopandishwa. Tulijua benchi ambalo mama zao walikalia.

Nikaipigia namba ile ile.

"Kabini ya Papa Idi hapa, simu safi, sauti safi, karibu!"

"Papa, yule mama anatoka kupiga sasa hivi, Kavira..."

"Anatoka, anaenda mbio. Hakumaliza hata kuniaga. Weye ni nani?"

"Wa bureau ya avocat. Unamujua? Mumutafute, papa, ni Kavira."

Akacheka, si kwa ubaya. "Dada, tangu asubui hapa kwangu banapita ba Kavira bane. Bibi yangu ni Kavira. Mama mukwe ni Kavira. Nikiita Kavira hapa barabarani, Mulekera yote itageuka."

Sasa ninafika mahali ambapo kwa miaka mingi nilipasimulia vingine. Maître aliporudi, nilimwonyesha fishi. Chini nilikuwa nimepiga kwa mashine: *Mazungumzo yalikatika, rezo mbaya.* Niliweka na tarehe. "Rezo inakatika, Maître," nikasema. Akasema, "Pole, Kahambu," akaninyoshea bega kwa kiganja chake, jinsi mtu anavyonyosha kitambaa cha meza, akaenda kunawa. Ile "pole" sikuistahili. Kama angenigombeza kwa jambo lingine lolote siku ile, huenda ningenyamaza hadi leo.

Saa sita Mama Léonie alileta chakula kama kila siku, bugali ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwani mwenye kichwa chake. Tulikuwa tukila sote watatu kwenye meza ya faili, faili zikiwa zimesogezwa, nami kwa kawaida niliweka karatasi safi chini ya sahani yangu. Siku ile nilikata bugali nikaiviringa, nikaiviringa.

"Kahambu," akasema Mama Léonie, "ile samaki inachoka kukutazama."

"Labda anataka postnom yake," akasema Maître.

Alikuwa amesikia kwa watu wa benchini. Alikuwa amejua tangu alipoingia, naye aliningoja. Nikalia mbele ya samaki. Nikasema yote: rula, mistari, postnom, avenue, uongo wa rezo. Nikasema nitaacha kazi. Mama Léonie alinisukumia leso yake ya kichwani, nikaipangusia uso, na hata katikati ya kilio nilikuwa ninaona aibu kwamba ninaichafua.

Maître alinawa vidole. "Ulitafuta koma," akasema. "Hakuna neno. Sasa tutafute mutu. Mbele ya maswali yako, alisema nini?"

"Hakusema kitu, Maître. Alisalimia tu."

"Basi nipe ile salamu."

Nikaanza kwa unyonge, nikidhani ananifariji. Lakini sauti ya Kavira ilikuwa bado sikioni mwangu yote, neno kwa neno. Kichwa changu kina ubaya huo, hakitupi kitu. Kahawa iko mu mukeka. Mvua. Hakuna mutu ya kuianua. Na mulima inajifunika tangu juzi.

"Mulekera kuko kahawa ya kuanika?" akauliza Maître.

"Kidogo, nyuma ya nyumba," akasema Mama Léonie. "Lakini mulima iko wapi? Huyu mama anatoka chini ya Ruwenzori. Anatoka Mutwanga. Kule ndio banaamuka na mulima kama siye tunaamuka na jirani. Na kama bwana angekuwa anafungiwa Beni, huyu mama angekuwa mulangoni na sahani ya chakula, hangekuwa anaongea kahawa. Bwana iko Mutwanga. Anashuka Beni juu ya kutafuta simu tu."

Maître aliinuka na kupiga magoti kwenye kigoda akiwa bado na sombe kidevuni.

Papa Idi, mwenye kabini, alikuwa mtu wa familia ya wasafirishaji. Ndugu zake waliendesha pikapu kila upande wa Beni. Alipoambiwa Mutwanga alipiga kelele tukasikia hadi mezani: "Ah! Mungesema tangu mwanzo! Ule wa mutoto mu kitambaa nyekundu! Anashuka jana na pikapu ya mudogo wangu. Inarudi kesho. Maître, nitaikataza kuondoka mbele ufike. Na yeye nitamupata tu, ataenda wapi? Kama anarudi kwake, atapita kwa gari yangu."

Maître akampa maneno ya kumwambia Kavira, machache. Asimlipe mtu yeyote anayejidai kumtoa mume wake. Asitie alama kwenye karatasi. Wakiwahi kabla gari halijampandisha, kule Mutwanga bado kuna mkubwa mmoja anayeogopa wakili. Akishashushwa Beni, karatasi ya wakili haitamfuata. Kisha akanigeukia. Kule chini ya mlima hapakuwa na rezo, na simu haikuweza kutoka kikapuni. Hivyo tukapatana: nitabaki dirishani. Wakirudi hadi Mulekera pamoja na Kambale, Papa Idi atanipigia bipu mbili. Wakirudi bila yeye, moja.

Maître aliondoka Alhamisi alfajiri, joho lake limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Siku ile ilipita. Ya Ijumaa ndiyo ninayoweza kuisimulia dakika kwa dakika. Nilifuta dirisha mara mbili. Nilipanga kalamu. Mama Léonie alileta kiti chake kutoka jikoni akakaa karibu nami akichambua maharagwe, na kila simu ilipolia vidole vyake vilisimama. Saa tisa simu ikalia na haikukata. Alikuwa mzee kutoka Lubero, mpaka wa shamba lake umesogezwa na jirani, lakini hilo nililijua baadaye sana. Kwanza alisalimia. Aliuliza watoto, ambao sikuwa nao. Aliuliza njia. Alinieleza jinsi alivyolala, upande gani, na kwamba ng'ombe wa ndugu yake amezaa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kikapu, na kila sekunde ya ng'ombe yule niliona bipu za Mulekera zikigonga simu yenye mtu na kurudi zilikotoka. Ulimi wangu ulikuwa umeshashika neno "tafazali". Nikalimeza. Nikamuuliza, "Ndama dume ao jike, tata?" Akafurahi hata akasahau mpaka. Niliandika yote, hata ng'ombe. Alipomaliza, jasho lilikuwa limenilowesha mgongo, na Mama Léonie alikuwa amerudia kuchambua yale yale maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Kikapu kikalia. Kikakata.

Mama Léonie alishika pindo la gauni langu. Nilihesabu hadi tano, na nilipofika tano nilikuwa nimeshajua kwamba nimeua mtu kwa rula.

Kikalia tena. Kikakata.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka maharagwe sakafuni, na benchi zima, watu ambao hawakujua habari yenyewe, wakipiga makofi kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumekumbatiana tukiruka. Papa Idi alituambia baadaye kwamba bipu ya pili ilichelewa kwa sababu Kavira alimpokonya simu. Alitaka aipige yeye kwa kidole chake.

Kambale alitoka na goti lililovimba na jino moja pungufu. Pikipiki yake, ambayo wanajeshi waliichukua siku waliyomfunga, haikurudi. Maître hakusimulia mengi juu ya Mutwanga. Alisema tu walifika injini ya gari ikiwa imeshawashwa. Jumatatu niliichana fishi yangu na kutengeneza nyingine, nayo niliipiga mara moja tu, na kosa lake moja nikaliacha. Juu kabisa iliandikwa *Salamu*, na chini yake mistari sita mitupu. Kisha maswali matatu: mtu yuko wapi, nani alimwona mwisho, tukupate kwa nani. Maître aliitumia hadi alipostaafu. Na kwa miezi mingi, kila Ijumaa saa tisa, kikapu kililia mara mbili na kukata. Hatukumpigia, haikuwa shida, ilikuwa heri. Baadaye barabara ikafungwa tena, kabini ya Papa Idi ikahama, Ijumaa zikanyamaza. Sikuwahi kuuona uso wa Kavira.

Siku ya kilio cha Maître nilisimama langoni nikipokea watu, maana sauti yangu ndiyo waliyoijua wengi. Karibu mama, pole, pita huku, karibu tata. Nyuma yangu mtu akasema, "Allô?" Nikageuka. Mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, vumbi la safari hadi magotini. Alinitazama mdomoni, si machoni, akingoja niseme tena. Nikasema, "Karibu, mama." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Jina?" akasema. "Postnom? Prénom? Avenue?"

Tulicheka hadi watu wa familia wakageuka, kisha tukalia, na hakuna aliyeona ubaya, kilioni kila kitu ni kilio. Nilitaka kumwomba msamaha. Niliubeba kwa miaka yote hiyo, umepangwa sentensi kwa sentensi. Lakini yeye alikuwa ameshaanza: nimelamukaje, watoto wangu je, Butembo kuko salama, njia yetu ilikuwa mubaya, Kambale anakusalimia, goti yake inamusumbua wakati wa mvua, ule mutoto wa kitambaa nyekundu sasa iko na batoto bawili. Sikumkatiza. Watu walipita langoni bila kupokelewa.

Alipofika mwisho, nilimuuliza, "Na kahawa?"

"Iko mu mukeka," akasema Kavira. "Na leo kuko mutu ya kuianua."